Majani Ambayo Odette Hakuyataja

Odette alikuwa mtu wa kuaminiwa. Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, ukimwulizia kwa jina la Mama Gabriella, fundi wa nguo, mtu alikuonyesha kwa kidole bila kusita: nyuma ya soko, nyumba ya matofali mabichi yenye kibaraza, cherehani mbili zikitazamana, moja yake na moja ya mumewe, Ezechiel. Walikuwa Wabembe wa Mboko, kule Fizi, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Vita ya mwaka tisini na nane iliwakuta na shamba la mihogo na mtoto wa kubebwa mgongoni. Wakavuka ziwa, wakakaa Kigoma, wakashuka mpaka Malawi, mara kwa lori, mara kwa miguu. Kambi ile, ambayo zamani ilikuwa gereza, ikawa ndiyo kwao.

Lakini watu hawakumwamini kwa sababu ya ushonaji. Ilikuwa maombi. Odette aliongoza kikundi cha mama waombezi katika kanisa lao, na mtoto wa mtu akishikwa na homa, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa na sauti nzito, na hakujua kuomba kwa ufupi. Na alikuwa mkali. Mchungaji wao alifundisha kwamba dawa za miti ni mlango wa mizimu, na Odette hakulegeza kamba hata kidogo. Wakati mmoja mama mmoja shemasi alikutwa na mizizi katika chungu chini ya kitanda. Alisimamishwa mbele ya kanisa, akalia. Baada ya ibada ni Odette aliyekwenda nyumbani kwake, akabeba kile chungu mwenyewe, akakimwaga chooni huku mwenye nacho akitazama.

Uvimbe ulianza katika titi la kushoto, mgumu kama punje ya mahindi. Alinyamaza nao kwa miezi. Aliona haya kumwambia hata Ezechiel, maana lilikuwa jambo la kifuani, na aliona haya zaidi kwa Mungu, kwa sababu aliomba na haukutoka. Ngozi ilipoanza kuvutika ndani ndipo Ezechiel alipoona, akakasirika kwa hofu, akampeleka zahanati ya kambi. Zahanati ikawaandikia kwenda hospitali ya Lilongwe. Huko wakakata kipande cha uvimbe, wakakipima, wakasema ni kansa. Ilikuwa mwaka 2012. Walipanga kwanza apigwe dawa za kuifanya ipungue, halafu wamfanyie upasuaji.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kimalawi, mfupi, mwenye miwani, asiyependa haraka. Alizungumza Kiingereza na Kichewa. Odette alikuwa na Kichewa cha sokoni tu, cha kupunguziwa bei ya nyanya. Kwa hiyo wagonjwa wa kambi walikuwa wakisindikizwa na mkalimani, na mkalimani alikuwa Bienvenu.

Bienvenu alitoka Bukavu. Huko alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, na hata kambini hakuacha kuvaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa mtu mwema. Alipanda basi dogo na wagonjwa, akawashikia mifuko, akasimama nao kwenye foleni pasipo kulalamika. Alikuwa pia mzee wa kanisa, katika kanisa lile lile la Odette, na Jumapili aliketi benchi la mbele pembeni ya mchungaji.

Siku ya kwanza, kabla ya dawa, daktari aliweka kalamu chini, akamwuliza Odette swali refu. Huku akisema alifanya mikono kama mtu anayesugua jani katikati ya vidole, kisha kama anayeinua kikombe. Bienvenu akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia.

"Mama Gabriella, anauliza kama we uko unaendaka kwa baganga. Nimemwambia sisi ni batu ba kanisa, lakini anataka jibu litoke kwako."

Odette alishtuka kama amepakwa matope. "Mi? Kwa baganga? Hapana, Papa Bienvenu. Umwambie hapana."

Na siku hiyo ilikuwa kweli.

Dawa ilikuwa nyekundu, ikaingia polepole kwa sindano ya mkononi. Aliporudi Dzaleka alitapika mpaka hakuwa na cha kutapika. Nywele zilitoka kwa mafungu, akajifunga kitambaa hata ndani ya nyumba. Harufu ya nsima, ugali wa kule, ikamchukiza, harufu ya mafuta ya cherehani pia. Mama waombezi walikuja kumwombea, yeye amelala kwenye mkeka, na kitu kilichomwumiza kuliko tumbo ni kuombewa na watu aliozoea kuwaombea. Aliwaona wakitazamana. Alidhani anajua wanachowaza: mtu anayeombea wengine wapone, mbona yeye haponi?

Ndipo alipomwendea Kabibi.

Kabibi alikuwa shangazi yake, dada ya baba, mjane aliyeishi upande wa mwisho wa kambi karibu na mashamba ya wenyeji. Hakuwa mganga wa kupiga ramli. Alijua majani kama mama yake alivyoyajua, basi, akawauzia watu dawa za tumbo na za homa. Tangu Odette awe mtu wa maombi, alikuwa akipita mbele ya mlango wa Kabibi kwa salamu fupi. Siku hiyo aliingia ndani na kufunga mlango.

Kabibi alimtazama kichwa kilichofungwa. "Ni nini, mutoto wa kaka yangu?"

"Niko na kitu kwa kifua, Shangazi. Na tumbo inanisumbua."

"Lupitalo banakupa nini?"

"Vidonge vya maumivu tu."

Alisema uongo huo kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe. Alijua kwamba Kabibi hampi dawa mtu anayechomwa sindano hospitalini. Hakutaka kurudi mikono mitupu.

Kabibi akamchemshia. Ndani mlikuwa na mubirizi, yale majani machungu ambayo kila Mbembe ameyanywa utotoni, na artemisia kutoka kwenye kitalu cha jirani, na mzizi mwekundu aliouchimba yeye mwenyewe vilimani na ambao jina lake alilijua kwa Kibembe tu. Akaijaza chupa iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Odette akaificha kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa, chini kabisa, mahali ambapo Ezechiel hakuwa na sababu ya kutia mkono.

Alikunywa asubuhi, akanywa magharibi. Kichefuchefu kikatulia. Kwa siku kadhaa alikula, akashona, hata akacheka. Alipokwenda Lilongwe kwa dawa ya pili aliingia akijisikia mwenye siri nzuri, kwamba anapigana na kansa kwa mikono miwili. Daktari akauliza tena, mikono yake ikafanya yale yale. Safari hii Bienvenu hakumgeukia kikamilifu.

"Anarudia ile neno ya baganga," alisema. "Nimeshamujibu."

Odette akainamisha kichwa. Angeweza kusema. Lakini kusema mbele ya Bienvenu kulikuwa sawa na kusema mbele ya mimbari, na alikumbuka chungu cha yule shemasi na jinsi mizizi ilivyotoa sauti ilipoanguka chooni. Akanyamaza. Kumwacha mtu mwingine akujibie ni uongo usiouma sana ulimini, ndivyo alivyojituliza.

Kwenye basi la kurudi aliketi karibu na Nizigiyimana. Alikuwa Mrundi kijana, mke wa Bucumi mchoma matofali, na walikuwa na binti mdogo. Shingoni mwake kulikuwa na uvimbe mkubwa, kansa ya tezi, na yeye pia alikuwa akichomwa dawa. Kabla hawajafika mji mdogo wa Lumbadzi alikuwa ameshatapika kwenye mfuko wa plastiki, akilia kwa aibu mbele ya abiria.

"Mama, we unafanyaje?" alimwuliza Odette. "Tunachomwa kwa siku moja, lakini we uko unakaa sawa."

Odette akamtazama, akaona mtu anayemhitaji. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemhitaji. Akamwinamia sikioni. Kesho yake alimpelekea nusu ya chupa, imefichwa ndani ya kitenge.

"Asubuhi na magaribi. Lakini usimwambie mutu. Hata bwana yako. Batu ba lupitalo batakuchanganya kichwa, na ba kanisa batakuhukumu."

Nizigiyimana alipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama mtu anayepewa baraka. Odette alirudi nyumbani amefurahi. Kila chupa aliyochukua kwa Kabibi tangu hapo aliigawa.

Baada ya dawa ya tatu mambo yakageuka. Midomo ya Odette ilipasuka vidonda, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Gabriella, binti yake, alikuwa akimletea maji ya kunawa, akasimama na bakuli mkononi.

"Mama, macho yako iko manjano."

Homa ilipopanda, Ezechiel alikodi gari la jirani. Lilongwe wakamlaza. Daktari alipima damu, akarudi akiwa amekunja uso. Bienvenu alieleza: ini limewaka, na zile chembe za damu zinazopigana na wadudu zimekwisha karibu zote. Daktari hakuelewa. Kipimo cha dawa kilikuwa cha kawaida. Na uvimbe, ambao ulitakiwa uwe umepungua, ulikuwa pale pale. Akasimamisha dawa yote.

Odette akakaa wodini, akipewa maji ya mshipa na dawa za kuua wadudu. Hakuwa na chupa yake. Siku zikapita, manjano yakaanza kutoka machoni, hamu ya kula ikarudi. Aliona mwenyewe, na hakutaka kuona.

Kitanda cha pili alilala mwanamke mkulima kutoka Mitundu, naye wa kansa. Mchana mmoja dada yake alikuja na chupa ya chai, akammiminia. Nesi aliyekuwa akipita akasimama, akanusa. Odette alitegemea kelele. Badala yake nesi aliketi pembeni ya kitanda, akashika kile kikombe magotini mwake, akauliza kwa upole kama anayeuliza habari za mavuno. Odette alishika maneno machache tu: *mankhwala azitsamba*. Alilijua neno hilo kutoka sokoni. Dawa za miti. Na alipoona nesi anasugua vidole kama anayesugua jani, akaona mikono ya daktari.

Nesi alipoondoka, Odette alimwuliza yule dada kwa Kichewa chake cha nyanya na kwa ishara. Mwenzake alikuwa na subira. Akaonyesha mti wa dripu, akaonyesha kikombe, akagonganisha ngumi mbili. Akagusa ubavu wa kulia, mahali pa ini, akatikisa kichwa. Dawa hii na dawa ile zinapigana, na uwanja wa vita ni hapa.

"Anakasirika, nesi?" Odette aliuliza.

"Ayi, hapana," yule dada alisema. "Anauliza tu. Huwa wanauliza watu wote."

Odette akageukia ukutani. Swali halikuwahi kuwa la waganga. Daktari alikuwa akiuliza habari za majani, kama mtu anavyouliza umekula nini, na angejibiwa ndiyo angeandika na kuendelea na kazi. Kisha wazo la pili likamjia. Nizigiyimana. Nizigiyimana alikuwa nyumbani na chupa, na siku yake ya sindano ilikuwa wiki ile.

Ingefaa amwite nesi hapo hapo. Maneno alikuwa nayo. Alimwona nesi akipita na sinia ya vidonge, akafungua mdomo, akaomba maji ya kunywa. Nesi akampa. *Zikomo*, akashukuru. Alijiambia kwamba watamruhusu kesho au kesho kutwa, kwamba atamwambia Nizigiyimana mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, na hakuna mtu wa tatu atakayejua. Kesho hawakumruhusu. Wala kesho kutwa. Bienvenu alikuja kumwona akiwa na machungwa, akamsomea zaburi, na kila alipotua kuvuta pumzi Odette alihesabu kwamba sasa atasema. Hakusema. Aliporuhusiwa, wiki ilikuwa imekwisha.

Kambini redio zilikuwa zimefunguliwa kila kibarazani. Goma ilikuwa imeingiliwa na waasi. Watu wa Kivu walisimama kwa makundi, wakitaja majina ya ndugu walioachwa kule. Odette alipita katikati yao, akaenda moja kwa moja kwa Bucumi. Mlango ulifungwa. Jirani alimwambia kwamba Nizigiyimana amepelekwa Lilongwe asubuhi. Alikuwa ameanguka. Vidole havina nguvu, alisema jirani, hata vifungo vya gauni la mtoto alikuwa hawezi kuvifunga.

Ezechiel alimkuta mkewe amekaa chini penye mlango wa watu. "Unafanya nini hapa? Haujapona."

"Nirudishe Lilongwe."

"Juu ya nini?"

"Nirudishe, Ezechiel. Nitakuambia kwa njia."

Alimwambia kwenye basi, kwa sauti ya chini, akitazama dirishani. Waliposhuka Ezechiel alimshika mkono kumsaidia kuvuka barabara, na Odette alitamani angemwachia.

Nizigiyimana alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, macho yamefumba, midomo imejaa vidonda vyeupe. Bucumi alisimama miguuni pake na vumbi la matofali bado kwenye suruali. Daktari alikuwepo, nesi yule yule alikuwepo, na Bienvenu alikuwa katikati, akitafsiri. Daktari aliuliza, mikono ikifanya jani na kikombe. Bienvenu akamwambia Bucumi, "Anauliza kama mlienda kwa baganga."

"Hapana!" Bucumi alisema. "Sisi tunakwenda kwa nani? Hata pesa ya mganga hatuna."

Odette akasogea. Hata pale alitafuta njia ya pembeni. Hakumtazama Bienvenu. Alimshika nesi mkono wa sare, akasema kwa Kichewa kilichovunjika, "*Mankhwala azitsamba. Ine ndinamupatsa. Inenso ndimamwa.*" Dawa za miti. Mimi ndiye niliyempa. Hata mimi hunywa.

Nesi alimwangalia, kisha akamwambia daktari kwa Kiingereza, na daktari akamgeukia Bienvenu ili aulize vizuri. Kwa hiyo njia ya pembeni ikaishia mahali pale pale. Bienvenu alisimama mbele yake, mzee wa kanisa, shati limepigwa pasi.

"Mama Gabriella," alisema polepole, "anasema we njo ulimupatia majani?"

"Mi njo nilimupatia."

"Na we mwenyewe..."

"Toka sindano ya kwanza."

Bucumi alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Hakumsogelea. Alimtazama tu, kisha akamtazama mkewe, kisha akamtazama Odette tena, kama anayejiuliza kwa nini huyu amesimama na yule amelala.

Daktari hakupaza sauti. Aliuliza ni majani gani, mangapi, mara ngapi. Odette akataja mubirizi, akataja artemisia, akataja ule mzizi kwa Kibembe, na Bienvenu akashindwa kuutafsiri. Kisha daktari akauliza jambo moja zaidi, na Bienvenu akachelewa kulitoa.

"Anasema alikuuliza kila mara. Anauliza juu ya nini ulisema hapana."

Odette aliinua uso. Hakutaka kumtia mtu mwingine kwenye shimo lake, lakini lilikuwa swali, na alikuwa amechoka kusema uongo.

"Umwambie hakuniulizaka. We njo uliniuliza, Papa Bienvenu. Na uliniuliza kama naenda kwa baganga. Majani hakuna mutu aliniuliza. Na mara ya pili ulijibu we mwenyewe." Kisha akaongeza, "Lakini nilijua. Niliona mikono yake. Umwambie na hiyo."

Wodi ilikuwa na kelele za kawaida, sufuria, watoto, mtu akikohoa. Bienvenu alikuwa na Kiingereza chote, na wala daktari wala nesi hawakuelewa Kiswahili. Angeweza kusema chochote. Ezechiel, aliyesimama nyuma, alisema baadaye kwamba aliona shingo ya Bienvenu ikilowa jasho. Kisha akatafsiri. Alitafsiri polepole, na alipofika mahali pake mwenyewe alijigusa kifua kwa kidole, ili daktari asikosee ni nani anayesemwa.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Aliwaeleza kwa maneno rahisi. Ini ndilo linaloipokea dawa ya kansa, kuitumia na kuitoa. Miti mingine inalifanya liitoe upesi kabla haijafanya kazi, na uvimbe unabaki. Mingine inalizuia lisiitoe, dawa inakaa mwilini kupita kipimo na kugeuka sumu kwenye damu na mishipa ya fahamu. Mingine inaliumiza ini lenyewe. "Ya kwenu siijui ilifanya lipi," alisema kwa kinywa cha Bienvenu. "Haijapimwa. Labda ni mzizi, labda ni yote pamoja, labda mmoja wenu angeugua hivi hata bila majani. Ningejua, ningengoja, au ningepunguza dawa. Sikujua."

Nizigiyimana hakufa wiki ile. Homa ilishuka, vidonda vikapona, ingawa vidole havikurudi kama vilivyokuwa.

Bienvenu hakupeleka habari kanisani. Odette alikwenda mwenyewe kwa mchungaji, na kanisa likafanya kama linavyofanya: alisimama mbele, akasema alichokifanya, akatolewa katika uongozi wa waombezi. Yule shemasi wa chungu alikuwa kwenye benchi la tatu. Odette alitegemea kuona furaha usoni mwake. Mama yule aliinamia viatu vyake muda wote, na hilo likawa gumu kuvumilia kuliko furaha. Alipokwenda baadaye kumwomba msamaha, shemasi alimwandalia kiti, akamsikiliza, akasema, "Ile mizizi ilikuwa ya mama yangu. Alikufa kwa njia tukitoroka."

Kabibi alikasirika kuliko wote. "Nilikuuliza!" alipiga kelele. "Nilikuuliza lupitalo banakupa nini! Ungeniambia sindano, singekupa hata jani. Umenifanya muuaji bila mi kujua." Tangu siku hiyo alimwuliza kila mteja swali hilo mara mbili, na aliyesitasita alimfukuza.

Kisha alasiri moja Bienvenu alikuja kibarazani. Alikataa kuketi mpaka Ezechiel alipomsukumia kiti.

"Niko na wagonjwa wengine kesho," alisema. "Sijui nitauliza namna gani. Nikisema 'dawa za miti', batu banasikia kanisa. Banasikia mi."

Odette alisimamisha cherehani. Hawakuwa wameongea tangu wodini.

"Usianze na dawa," alisema. "Uanze na kikombe. Uwaulize banakunywaka nini nyumbani. Chai gani. Uji gani. Banajipaka nini. Na usiulize we ukiwa unabaangalia."

"Niangalie wapi?"

"Angalia fasi nyingine. Na kabla haujauliza, ubaambie kama hautapeleka neno kwa kanisa. Ubaambie wazi."

Bienvenu alilirudia swali lile kwa sauti, akalibadilisha, akalirudia tena, kama mwanafunzi anayejifunza somo. Alipoondoka alisema tu, "Unisamehe, Mama Gabriella." Naye akasema, "Na mi vilevile." Hawakuweza kutazamana.

Odette alianzishiwa dawa upya ini lilipotulia. Safari hii uvimbe ulipungua. Walimkata titi lile, na kidonda kikafunga vizuri. Nizigiyimana pia alianza upya, kwa kipimo kidogo kwa ajili ya vidole vyake. Tezi za shingo zilishuka, kambi ikamshukuru Mungu, kisha zikarudi kubwa kuliko mwanzo. Alikufa majira ya baridi ya mwaka uliofuata, wakati upepo wa wilaya ile ya Dowa unapopita kwenye nyufa za matofali. Odette alimwuliza daktari swali ambalo alijua atamwuliza: kama ni majani yaliyomwua. Daktari alisema kansa ya namna ile inaweza kurudi hata kwa mtu ambaye hakunywa kitu. Alisema pia kwamba wiki zile zilizopotea hazikusaidia. Hakuweza kumpa jibu lingine, na Odette hakumwomba.

Mazikoni alikaa nyuma ya wanawake wote. Alikuwa amejitayarisha kufukuzwa. Hakuna aliyemfukuza. Bucumi alipita akiwapa watu mkono, akafika kwake, akampa mkono kama alivyowapa wengine, laini, bila kukaza, akaendelea na aliyefuata.

Shule zilipokaribia kufunguliwa Odette alimwona Bucumi akija kibarazani, akimwongoza binti yake kwa mkono. Ezechiel alikuwa sokoni. Odette akasimama upesi mpaka mkasi ukaanguka.

"Mama Gabriella," Bucumi alisema, akitazama cherehani. "Mtoto anaanza shule. Umpime unifomu."

"Kuna mafundi wengine, Papa," alisema kwa shida. "Kama unaona vizuri zaidi..."

"Najua kuna wengine. Umpime."

Akachukua utepe, akapiga magoti. Alipima mabega, akapima kifua, akapima kutoka kiunoni hadi gotini, na mtoto akacheka kwa sababu utepe ulimtekenya. Odette alipotaka kukata kitambaa akagundua kwamba vipimo vyote vimemtoka kichwani. Akamwita mtoto asogee tena, akaanza upya na mabega, uso ameuinamisha ili baba aliyesimama kando asiuone.